Mrithi wa Tanuri

Katika bonde la mto Tiber, upande wa juu wa mji wa Roma, palikuwa na mashamba ambayo udongo wake ulikuwa wa mfinyanzi, mwema kwa kufyatulia matofali. Na katika karne ya kwanza na ya pili baada ya kuzaliwa Masihi sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikuwa milki ya jamaa moja, jamaa ya akina Domitius, ambayo matofali yake yaliteremshwa mtoni kwa mashua mpaka mjini, yakajengewa masoko, mahamamu, maghala na mahekalu, na ambayo mrithi wake wa kizazi cha tano hakuwa mfyatuaji wala tajiri wa sokoni, bali Kaisari na mwanafalsafa, Marcus Aurelius, mtunzi wa kitabu ambacho mpaka leo husomwa na watu watakao kujifunza saburi, kiasi na kuridhika na kadari.

Naifuata historia ya jamaa hii kwa sababu ndani yake limo suali zito kuliko biashara yenyewe, suali ambalo kila mwana wa Adamu aliyerithi chochote, kiwe shamba, nyumba au jina, hana budi kukutana nalo: je, mali iliyochumwa kwa dhuluma, ikapita katika mikono ya watu wema kizazi baada ya kizazi, hutakata kwa wema wao, au dhima yake hubaki ndani yake, kama chumvi ibakiavyo ndani ya maji hata yakihamishwa katika vyombo vingapi?

Asili ya ukwasi huu, kwa kauli ya wanahistoria wengi, ni Domitius Afer, msemaji hodari aliyetoka Nemausus katika nchi ya Gallia, mji ambao leo ni Nîmes ya Ufaransa, akapanda daraja mjini Roma katika zama za Kaisari Tiberius kwa kazi ya kuwashitaki wakubwa waliokwisha chukiwa na utawala. Kwani katika sheria za siku zile mshitaki aliyefaulu aliweza kupewa fungu la mali ya aliyehukumiwa, na kwa hiyo ufasaha wa ulimi mmoja ulikuwa riziki kwa mwenye nao na mauti kwa mwingine. Mwaka 26 alimshitaki Claudia Pulchra, mwanamke wa ukoo mkubwa, naye akahukumiwa. Na tangu hapo jina la Afer likawa kubwa katika mabaraza. Mtu huyu aliwachukua vijana wawili wa mtu mwingine, Lucanus na Tullus, akawafanya wanawe kwa sheria na kuwapa jina lake. Kisha akamgeukia baba yao mzazi, akasababisha mali yake ichukuliwe na yeye mwenyewe aondolewe katika idadi ya raia. Lakini wasia aliokuwa ameuandika miaka 18 kabla ya kifo chake hakuubadili, na alipofariki mwaka 59 vijana wale walirithi mali ya mtu aliyemwangamiza baba yao, wakaendelea kulichukua jina lake mpaka kaburini.

Habari hizi tunazijua kwa barua ya Plinius Mdogo, aliyekuwa hai wakati Tullus alipokufa, karibu na mwaka 108, na ambaye aliistaajabia bahati ya ndugu wawili hao ya kutajirishwa na watu wasiotaka kabisa kuwatajirisha. Kwani baada ya Afer alikuja mkwe wa Lucanus, Curtilius Mancia, ambaye alimchukia mno Lucanus hata akaandika kwamba mali yake aipate mjukuu wake, binti wa Lucanus, kwa sharti kwamba atolewe kwanza katika mamlaka ya baba yake, ili mkono wa baba usiifikie. Lucanus akamtoa binti kama sharti lilivyotaka. Na Tullus, ami yake, akamchukua kuwa mwanawe. Na kwa kuwa ndugu wale waliishi katika mali ya shirika isiyogawanywa, mali ya Mancia ikarudi kule kule alikotaka isifike. Huyu binti, Domitia Lucilla, ndiye aliyeunganisha tarika zote tatu, ya Afer, ya Mancia na ya akina ndugu wenyewe, na hatukuti katika mnyororo huo kiungo kimoja kilichofungwa kwa nia njema, ila wasia wa mwisho wa Tullus, ambao Plinius mwenyewe aliuona bora kuliko maisha yake, kwa maana waliomzunguka kwa matumaini ya kuachiwa fungu walitoka mikono mitupu, na mali ikabaki kwa damu yake.

Yafaa nieleze kwa nini watu wa daraja hii walishughulika na matofali. Jamii ya Roma iliwakataza masheha wa baraza lake kuu kuonekana wakifanya biashara, kazi waliyoihesabu kuwa ya watu wa chini. Ila udongo uliochimbwa katika shamba la mtu ulihesabiwa kuwa zao la shamba lake, kama zabibu au ngano, na kwa hiyo mheshimiwa aliweza kuuza matofali kwa maelfu ya maelfu na heshima yake isipungue hata kidogo. Mwaka 64, katika zama za Nero, moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na ujenzi wa tofali la kuchoma uliokuwa umekwisha anza kuenea ukawa ndio kawaida ya Roma. Na warithi wa Afer wakajikuta wamekalia hazina. Walifyatua tofali dogo la mraba, lenye upana wa sentimeta 20 hivi, ambalo waashi walilikata kwa pembe tatu na kulipanga usoni mwa ukuta, na lile kubwa la sentimeta 59, lililotumika katika matao na katika safu za kufunga ukuta. Na juu ya baadhi ya matofali, kabla hayajakauka, walipiga muhuri.

Muhuri huu ndio uliotuhifadhia historia ya jamaa. Una jina la mwenye shamba, jina la kiwanda, mara nyingi jina la msimamizi, na wakati mwingine majina ya wakuu wa dola wa mwaka ule, ambayo ndiyo yaliyokuwa tarehe yao. Mihuri ya mwaka 123 ni mingi kupita kiasi, na kwa hiyo wachimbaji wa magofu ya Ostia na Roma huweza kuukadiria umri wa ukuta kwa kulitazama tofali lililotoka ndani yake. Mwanachuoni Heinrich Dressel aliikusanya mihuri hiyo katika juzuu iliyochapwa mwaka 1891, na baada yake Herbert Bloch akaipambanua zaidi. Ajabu ni kwamba maandishi haya hayakukusudiwa kusomwa na wapitao njia, kwani tofali likishawekwa mahali pake muhuri wake hufunikwa na chokaa, na juu ya ukuta hupakwa lipu au kubandikwa marumaru. Ilikuwa alama ya hesabu baina ya tanuri na mnunuzi, na kazi yake ilikwisha siku ile mwashi alipolitia tofali ukutani.

Katika mihuri hiyo tunakutana na watu ambao Plinius hakuwataja. Yuko Agathobulus, aliyekuwa mtumwa wa jamaa hii, akaachwa huru, akachukua jina la Domitius kama ilivyokuwa ada ya mtumwa aliyeachwa, akawa msimamizi wa ufyatuaji. Na yuko Trophimus, aliyekuwa chini ya Agathobulus, wakati Agathobulus mwenyewe alikuwa chini ya Domitius Tullus. Wataalamu wanabishana kama wasimamizi hawa walikuwa wapangaji wa kiwanda waliojitegemea au waajiriwa wa mwenye shamba, na ubishi huo siuingii. Linalonishughulisha ni lile ambalo ngazi ile inalionyesha wazi: mtu aliyetoka utumwani alikuwa na watu katika utumwa, na juu ya wote alikaa mheshimiwa ambaye mikono yake haikugusa udongo. Huyo Tullus, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa amepooza viungo vyote hata hakuweza kugeuka kitandani bila msaada. Meno yake yalisafishwa na wengine. Na Plinius anasimulia kwamba alilalamika, kwa kuionea fedheha hali yake, kuwa kila siku huvilamba vidole vya watumwa wake. Alivihesabu vidole vile kuwa dalili ya udhalili wake yeye. Kwamba vidole kama vile, huko bondeni, ndivyo vilivyomlisha tangu ujana wake, yamkini hakupata kulifikiri.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Udongo huchimbwa, hulowekwa, hukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, hutiwa katika kalibu ya mti, hutolewa na kuanikwa kivulini ili usipasuke, kisha hupangwa tanurini na kuchomwa kwa kuni siku kadha wa kadha; na kila aliyepata kuinamia kalibu katika nchi zetu, ambako kazi hii bado hufanywa kwa namna ile ile, anajua hali ya mgongo wa mfyatuaji jua linapokuchwa. Huko Siscia, katika jimbo la Pannonia, limepatikana tofali lililoandikwa kwa ncha kabla ya kuchomwa hesabu ya watu wanne, Severus, Fortis, Candidus na Felicio, kila mmoja 220, jumla 880. Hawakuwa watu wa akina Domitius. Lakini usawa wa hesabu ile, watu wanne na tofauti hata ya tofali moja hakuna, wadokeza kwamba ilikuwa kadiri iliyowekwa, ambayo mtu alitakiwa aitimize.

Vitabu vya dini vinapolitaja tofali, mara nyingi humtaja jabari karibu yake. Katika Taurati, Wana wa Israili wanateswa Misri kwa udongo na matofali, na Firauni anapowanyima majani ya kuchanganyia anashikilia kwamba idadi isipungue. Na katika Qurani Firauni huyo huyo anamwamuru Hamana amwashie moto juu ya udongo na kumjengea mnara ili amchungulie Mungu wa Musa. Na Qurani hiyo yatufundisha kwamba mtu mwenyewe aliumbwa kwa udongo mkavu mfano wa chombo kilichochomwa. Mtu wa udongo anamwinamisha mtu wa udongo juu ya udongo, naye anadhani kwamba baina yao iko tofauti ya asili.

Turudi kwa mrithi. Domitia Lucilla alizaa binti mwenye jina lile lile, na huyo akaolewa na Annius Verus, akamzaa Marcus mwaka 121. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo sana, naye akalelewa na babu yake na mama yake, na mama huyo alikuwa mwanamke adili. Katika mlango wa kwanza wa kitabu chake Marcus anamshukuru kwa kumfundisha uchaji, ukarimu, kujiepusha na ubaya hata katika fikira, na kuishi maisha mepesi mbali na desturi za matajiri. Naamini kwamba shukrani hii ilikuwa ya kweli, na kwamba alistahili. Na alikuwa mwanamke mwenye mashamba ya matofali, ambaye jina lake lilipigwa juu ya udongo mbichi mwaka baada ya mwaka. Na baada yake mihuri ikachukua jina la mwanawe, Aurelius Kaisari, na la mke wa mwanawe, Faustina.

Marcus hakuwa mwenye tamaa. Alipoitwa na mama yake agawane urithi na dada yake, alimwachia dada mali yote ya baba yao, akasema kwamba yeye yamtosha ya babu yake. Na hazina ya dola ilipopungukiwa wakati wa vita, aliuza kwa mnada vyombo vya thamani vya jumba la kifalme kuliko kuwatwika watu wa majimbo kodi mpya. Falsafa yake alifunzwa na maandishi ya Epictetus, mtu aliyekuwa mtumwa, ambayo alipewa na mwalimu wake Rusticus, na alimshukuru Rusticus kwa neema hiyo. Aliandika akiwa vitani, milango miwili ya mwanzo ikitaja Carnuntum na mto Gran katika nchi za Danube, wala Siscia haikuwa mbali sana na huko. Na moja ya mambo aliyojikumbusha mara kwa mara ni kwamba majina hupotea, kwamba anayekumbuka na anayekumbukwa wote ni wa siku moja, na kwamba kuitamani sifa ya baadaye ni upuuzi. Juu ya mihuri yenye jina lake mwenyewe, na juu ya watu walioipiga, hakuandika neno.

Kwa hiyo nauliza: mtu huyu ana dhima gani? Yuko atakayejibu kwamba hana, kwa kuwa hakumshitaki Claudia Pulchra, hakumwangamiza baba wa Lucanus na Tullus, hakumnunua Trophimus. Na jibu hili lina nguvu, kwani Qurani yasema kwa maana iliyo wazi kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine, na nabii Ezekieli alikwisha wafundisha watu wake kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba. Nakubali bila shaka yoyote kwamba dhambi hairithiwi. Kama suali lingekuwa la dhambi tu, Marcus angetoka mbele ya kadhi akiwa safi, nasi tungefunga daftari.

Lakini sheria ya mirathi yatufundisha jambo la pili, ambalo wengi wanaolijua la kwanza hulisahau: kwamba tarika ya marehemu haigawanywi mpaka yatolewe kwanza gharama za maziko, kisha deni, kisha wasia, na ndipo warithi wapewe mafungu yao. Deni halimfuati mrithi katika nafsi yake. Laifuata mali, na mali ikiwa bado haijalipiwa, mrithi ajitapaye kwa kuimiliki anamiliki kisichokuwa chake. Katika hadithi za Mtume, sala na amani zimshukie, imepokewa kwamba aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akakataa kumsalia mpaka Abu Qatada aliposimama na kulidhamini. Na imepokewa kwamba shahidi husamehewa kila kitu ila deni. Ikiwa damu iliyomwagwa katika njia ya Mungu haifuti deni la dinari mbili, basi ukarimu na saburi ya mrithi, japo ni kubwa namna gani, vitafutaje ujira wa mtu aliyefyatua matofali kila siku ya umri wake na asilipwe? Wema wa Marcus ulikuwa mali yake yeye. Deni lilikuwa la watu wengine, na mtu hawezi kuwalipa watu kwa sifa zake.

Suali hili halikubaki Roma. Katika mwaka 1897 Sultani Hamud bin Muhammad alitia sahihi, kwa shauri la Waingereza, amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Na fidia iliyowekwa katika amri ile ilikuwa ya mabwana, kwa hasara ya kupotewa na watumwa, wala haikuwa ya watumwa kwa miaka waliyoichuma karafuu. Waliokuwa wakidai wakahesabiwa kuwa ndio wadaiwa. Watu wengi wema, wenye kusali na kufunga, walirithi mashamba yale bila kumwonea mtu, na wengine walikuwa wakarimu ambao milango yao haikufungwa kwa mgeni. Na hesabu yao mbele ya suali hili ni ile ile ya Marcus, wala sioni haya kuisema, kwa sababu mtu anayewapenda wazee wake hupenda pia madeni yao yalipwe.

Wako wanafalsafa watakaosema kwamba namhukumu mtu wa kale kwa mizani ya baadaye, na kwamba katika dunia yake hakuna aliyeweza kulifikiri jambo hili. Jibu langu nalitoa katika hukumu zake mwenyewe. Mtu mmoja, Virginius Valens, alikufa akiwa ameacha katika wasia wake uhuru kwa baadhi ya watumwa. Hakutokea mrithi wa kuipokea tarika, na mali ilikuwa karibu kuuzwa kwa ajili ya wadai, jambo ambalo lingeufanya uhuru ule upotee. Mtu mwingine asiyekuwa mrithi, Popilius Rufus, akamwandikia Kaisari kuiomba tarika ile. Naye Marcus akajibu kwamba akabidhiwe tarika yote, mradi atoe dhamana ya kutosha ya kumlipa kila mdai haki yake kamili, ili uhuru ulioandikwa uthibitike. Jibu hilo limehifadhiwa katika sheria za Justinian, na wanasheria waliokuja nyuma waliliongoza mbali zaidi. Tazama alivyopima: kwamba mali yaweza kuondolewa katika njia yake ya kawaida, ikapewa hata asiyekuwa mrithi, ikiwa kwa kufanya hivyo watu watatoka utumwani na wadai watalipwa. Kwa hukumu hii uhuru wa mtumwa ulikaa katika tarika pamoja na madeni, mbele ya starehe ya mrithi yeyote.

Basi mizani hii si yangu. Ni yake, aliishika mkononi na akaitumia sawasawa katika nyumba ya mtu asiyemjua. Tanuri za mama yake zilikuwa na watu wenye majina, na majina hayo yalikuwa juu ya matofali, chini ya jina la bwana, yakipita kila mwaka mbele ya makarani wake. Alikuwa na uwezo kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai wa kuagiza hesabu ile ifunguliwe, naye alikuwa ameufundisha moyo wake kuviona vitu vya dunia kuwa si chochote, hata kuvitoa kusingemuuma. Mwaka 180 alifariki huko huko katika vita vya Danube, na mashamba ya udongo ya akina Domitius, pamoja na wafyatuaji wake, yakaingia katika milki ya mwanawe Commodus kama yalivyokuwa.